Siku nane ambazo hazikuwahi kutokea: kisa cha kiwanda cha nguo za kazi na shehena zake tatu za kwanza nje ya nchi

Kabla ya yote

Nilikuwa mshauri wa fedha wa kiwanda hiki kwa kipindi chote cha mkataba ninaousimulia. Nchi siitaji, wala kampuni, mnunuzi au ofisi yoyote ya serikali. Bei nimeziacha nje kabisa. Palipohitaji kipimo nimeweka asilimia. Siku ninazozihesabu zimetoka kwenye daftari ambalo mimi na mhasibu mkuu tulilijaza kila kontena lilipotoka langoni.

Usuli

Kiwanda kinashona nguo za kazi: jaketi na suruali za mafundi wa ujenzi na migodi, zenye ukanda wa kuakisi mwanga kifuani na magotini. Kina mafundi cherehani wapatao mia tatu. Kwa zaidi ya miaka ishirini kilikuwa kikiuza ndani ya nchi tu, na kwa soko la ndani kilikuwa kimeshika vizuri.

Mnunuzi alitoka Umoja wa Ulaya. Hakuja kwa sababu ya uzuri wa mishono yetu peke yake. Nchi yetu imo kwenye kundi la nchi zenye maendeleo duni zaidi, na tangu mwaka 2001 Umoja wa Ulaya unaziruhusu bidhaa za nchi hizo, isipokuwa silaha, kuingia bila ushuru. Nguo za aina hii zikitoka nchi isiyo na nafuu yoyote hutozwa takriban asilimia 12. Tena tangu mwaka 2011 sharti la uasili kwa kundi hili lililegezwa: si lazima kitambaa kiwe kimefumwa nyumbani, inatosha kukata na kushona hapa. Kwa kiwanda kinachoagiza kitambaa kutoka nje, huo ndio mlango wenyewe.

Mkataba ulikuwa wa shehena tatu, makontena mawili kila moja, kwa masharti ya FOB (muuzaji hubeba hatari mpaka mzigo uwe juu ya meli), malipo kwa barua ya muamana, yaani LC: ahadi ya benki kulipa endapo hati za mzigo zinalingana na masharti na tarehe zilizoandikwa. Faida tuliyoipangia ilikuwa asilimia 9 ya bei. Iweke 9 kando ya ile 12 ya ushuru uliosamehewa, utaona mkataba mzima ulikuwa umesimama juu ya nini.

Kabla ya kusaini, wakaguzi wa mnunuzi walikaa kiwandani siku tatu. Walipima kasi ya laini za ushonaji, wakavuta mishono kwa mashine, wakahesabu milango ya dharura. Kuhusu barabara ya kutoka langoni kwetu hadi kwenye meli hakuna aliyeuliza swali hata moja. Nami sikuuliza.

Kitambaa, na ukanda uliochomwa moto

Malighafi ya kushonea bidhaa za kuuza nje husamehewa ushuru na kodi ya ongezeko la thamani, lakini msamaha huo una mlango mwembamba. Lazima kwanza forodha ikubali kipimo: suti moja ya jaketi na suruali inakula mita ngapi za kitambaa. Sisi tulisema mita 3.4. Ofisa aliyekuja alipima vipande vya patani mezani, akajumlisha, akaandika 3.2. Mabaki ya ukataji, zile pembe na vipande vinavyofagiliwa chini ya meza, hakuyahesabu. Tukapinga, faili likapanda ngazi.

Faili likiwa huko juu, kitambaa kikafika bandarini. Tulikuwa na njia mbili: kusubiri kibali huku tozo za kuhifadhi kontena zikipanda kila siku, au kulipa ushuru na kodi yote, tukitoe, tudai marejesho baadaye. Tulilipa. Tarehe ya meli kwenye LC haisubiri kibali cha mtu, na wakati ule uamuzi ulionekana hauna mjadala. Gharama yake tuliiona miezi baadaye: kipimo kilichopitishwa kilibaki 3.2, na madai yetu ya mita 3.4 yakakatwa karibu asilimia 6.

Ukanda wa kuakisi nao ulikuja na vituko vyake. Tuliutangaza kuwa ni kitambaa kilichopakwa chembe za kioo. Dawati la uainishaji likasema ni plastiki yenye gundi, msimbo mwingine, kiwango kingine. Wakala wetu alikaa pale na roli la sampuli mpaka ofisa mmoja mtu mzima akakata kipande cha kidole kimoja, akakiweka kwenye kisosi cha chai, akakiwashia kiberiti. Upande wa mbele ulijikunja na kunuka plastiki. Upande wa nyuma uliungua kama pamba na kuacha majivu. Wote wawili wakatazamana. Kila mmoja alikuwa na hoja, na siku nne zilishapita.

Kuna dawa ya jambo hili, na imeandikwa. Mkataba wa Uwezeshaji Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika tarehe 22 Februari 2017, unazitaka nchi zitoe uamuzi wa awali wa uainishaji: mfanyabiashara anapeleka sampuli kabla mzigo haujafika, anapewa jibu la maandishi linaloifunga forodha yenyewe. Utaratibu huo ulikuwepo kwetu. Hatukuutumia kwa sababu hatukujua kwamba ukanda ungeleta ubishi. Kosa hili ni letu.

Umeme ulikatika pia, kama siku zote. Jenereta zilikuwepo, dizeli ilikuwa kwenye bajeti, na sitalisema zaidi ya hapo. Tatizo unalolijua kwa miaka ishirini unakuwa umeshalitengea fungu.

Kontena la pili

Makontena mawili ya shehena ya kwanza yalitoka langoni Jumatatu. La kwanza lilipandishwa melini Jumamosi, siku ya 6. La pili liliangukiwa na ukaguzi wa kimwili. Mfumo wa forodha unaopima vihatarishi haukuwa na kinyongo nasi; uliona jina ambalo halijawahi kusafirisha chochote, ukaliwekea alama nyekundu. Kwa mantiki ya mfumo ni sawa kabisa. Kwa mantiki ya kiwanda kinachoanza, ina maana kwamba msafirishaji mpya ndiye anayecheleweshwa kuliko wote, kipindi ambacho hana mto wa kumkinga.

Ofisa wa forodha alifungua kontena Alhamisi, akaridhika. Lakini ukaguzi ulihitaji pia ofisa wa taasisi ya viwango, ambaye siku hiyo alikuwa kwenye lango jingine. Akapangiwa Jumatatu. Meli iliondoka Jumapili.

Jumatatu kontena likafunguliwa mara ya pili. Nilikuwepo. Vibarua walishusha maboksi kwenye sakafu iliyokuwa imelowa mvua ya usiku, wakayapasua kwa kisu cha mkate, wakakunjua jaketi. Ofisa alisoma lebo tatu, akaandika mistari miwili, akaenda zake. Jaketi kumi na nne zilirudi kiwandani na alama za tope. Kila moja ilikuwa imepita mikononi mwa fundi wa kupiga pasi aliyelipwa kuhakikisha haina mkunjo.

Meli inayofuata ya njia ile ingepakia siku ya 17. Tarehe ya mwisho ya kupakia kwenye LC ilikuwa siku ya 10.

Uamuzi, na kwa nini

Usiku ule tulikaa watu wanne ofisini: mwenye kiwanda, Mama Mhasibu, meneja wa uzalishaji na mimi. Njia zilikuwa tatu. Kwanza, kuomba LC irekebishwe na kusubiri meli, tukikubali punguzo la bei. Pili, kulitoa kontena lote na kulipeleka kwa ndege. Tatu, kupeleka kwa ndege sehemu tu, ile ambayo mnunuzi aliihitaji kwa eneo la kwanza la ujenzi, na nyingine ifuate kwa meli.

Mimi nilitetea punguzo. Hesabu yangu ilikuwa safi: punguzo la asilimia 5 lilikuwa nafuu mara kadhaa kuliko ndege. Mwenye kiwanda alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nauli ya ndege nitailipa mara moja," alisema. "Punguzo nikilitoa leo, kesho ndiyo bei."

Tukachagua njia ya tatu, asilimia 40 ya kontena. Haikuwa rahisi hata kidogo. Mzigo ulishatangazwa kuwa wa baharini, kwa hiyo tamko la forodha lilibidi lifutwe na kuandikwa upya mara mbili, moja la ndege na moja la meli. Mnunuzi alikubali kurekebisha LC ili benki ipokee hati ya shehena ya anga, kwa kuwa naye alikuwa na faini yake inayomsubiri kwa mteja wake. Faida yote ya shehena ya kwanza iliishia kwenye nauli.

Asubuhi yake mwenye kiwanda alitoa agizo ambalo kwa maoni yangu ndilo lililookoa mkataba. Kuanzia shehena ya pili, ushonaji ungekamilika siku tisa kabla ya ratiba. Pia tuliandika barua kuomba ukaguzi ufanyike uwanjani kwetu: maofisa wa taasisi zote mbili waje siku moja kwa gharama zetu, waone mzigo ukipakiwa, wapige lakiri pale pale.

Shehena ya pili na ya tatu

Barua haikujibiwa kabla ya shehena ya pili. Kontena moja lilichukua siku 11, safari hii kwa sababu mfumo wa forodha ulizimika siku mbili kisha foleni ya malori ikajaa barabara. La pili lilichukua siku 5. Zile siku tisa za akiba ziliumeza ucheleweshaji huo, na mnunuzi hakujua kama kulikuwa na shida. Tulijikwaa benki tu: uzito kwenye orodha ya maboksi haukulingana na ule wa hati ya shehena, na benki hailipi hati zinazogongana. Kwa UCP 600, kanuni za kimataifa za barua za muamana, benki ina siku tano za kazi za kuzikagua, na hati huwasilishwa ndani ya siku 21 baada ya kupakia. Tulirekebisha tukiwa tumebakiwa na siku mbili.

Kwa shehena ya tatu kibali cha ukaguzi wa uwanjani kilikuwa kimetoka. Maofisa walikuja pamoja, wakanywa chai pamoja, wakapiga lakiri. Siku 5, na siku 4.

Pesa iliyokaa serikalini

Hapa ndipo kisa kilipogeuka, na sijaona likisemwa vya kutosha.

Kodi ya ongezeko la thamani kwa bidhaa za nje ni sifuri. Msafirishaji hatozi mnunuzi wake kodi, ila mwenyewe ameshailipa kwa umeme, maboksi, nyuzi, usafiri, na kwetu sisi hata kitambaa. Kwa sheria anarudishiwa. Kwa vitendo alisubiri: madai yetu ya kwanza yalikaa miezi minane, na muda wote huo tuliishi kwa mkopo wa benki wenye riba. Ukitazama vizuri, kiwanda kilikuwa kinaikopesha serikali bila riba kwa fedha kilizokopa kwa riba.

Mama Mhasibu ndiye aliyeliona jambo la ndani zaidi. Alichukua karatasi, akatumia namba nyepesi. Chukua mauzo ya 100, manunuzi yanayotozwa kodi 60, na kiwango cha kodi asilimia 15. Ukiuza yote nyumbani, unakusanya kodi 15, umeshalipa 9, unapeleka serikalini 6. Hakuna anayekudai wala unayemdai. Ukiuza nje 40, unakusanya 9 kwa zile 60 za nyumbani na umelipa 9: ngoma droo. Ukiuza nje 60, unakusanya 6 na umelipa 9, kwa hiyo 3 zako zinakaa foleni ya marejesho. Ukiuza nje zote, zinakaa 9.

Akazungushia ile 40 duara.

"Bosi, hapa ndipo tunapotakiwa kusimama," alisema.

Kila hotuba inakihimiza kiwanda kiuze nje zaidi. Foleni ya marejesho inakiambia kisivuke mstari fulani, na kiwanda husikiliza foleni. Hii haikuhitaji mla rushwa wala ofisa mkorofi. Kila aliyeshughulikia faili letu alikuwa mpole.

Matokeo

Shehena zote tatu zilifika. Shehena ya kwanza ilitoka bila faida, ya pili na ya tatu zikaleta faida chini kidogo ya tulivyopanga, kwa sababu siku tisa za akiba ni siku tisa za nguo zilizokamilika zikilala ghalani kwa pesa ya mkopo. Mnunuzi aliurudia mkataba kwa bei ile ile, jambo linaloonyesha kwamba kuhusu punguzo nilikosea na mwenye kiwanda alikuwa sahihi. Aliomba kuongeza oda maradufu. Alijibiwa kwamba kiwanda kitampa theluthi moja ya uzalishaji wake na si zaidi, mpaka marejesho yaanze kutoka kwa wakati. Marejesho ya ushuru wa kitambaa yalilipwa, pungufu ya ile asilimia 6. Mafundi arobaini tuliokuwa tumepanga kuwaajiri kwa laini mpya hawakuajiriwa.

Uchambuzi

Andika siku zetu kwa mpangilio: 6, 17, 11, 5, 5, 4. Jumla 48, wastani 8. Hakuna kontena hata moja lililochukua siku 8. Ripoti yoyote ya mazingira ya biashara ingeiandika nchi yetu kwa ile nane, na mwekezaji angeisoma na kuona si mbaya. Lakini mnunuzi wa Ulaya hapangi ratiba kwa nane. Anapanga kwa kumi na saba, au hanunui.

Benki ya Dunia ilikuwa ikitoa taarifa maarufu ya kupanga nchi kwa urahisi wa kufanya biashara, mpaka ilipoifuta mwaka 2021 baada ya kubainika kasoro katika takwimu. Kabla ya hapo wachumi Mary Hallward-Driemeier na Lant Pritchett walikuwa wameshalinganisha siku za kisheria zilizomo ndani yake na siku ambazo kampuni zenyewe zilisema zilizitumia. Waliyoyaonyesha mwaka 2015 yanafanana na daftari letu: ndani ya nchi moja, kwa kibali kile kile, kampuni moja hupita haraka na nyingine hukwama muda mrefu sana. Sheria ni moja, mapito ni mengi. Ndiyo maana sipendi sana mjadala wa kupunguza hatua kutoka kumi hadi saba. Ningechukua hatua kumi zinazotabirika kuliko saba za bahati nasibu.

Gharama ya siku nayo inapimika. David Hummels na Georg Schaur, wakichunguza bidhaa zinazoingia Marekani, walikadiria mwaka 2013 kwamba kila siku moja ya safari ni sawa na ushuru wa kati ya asilimia 0.6 na 2.1 ya thamani. Kontena letu la pili lilizidi lile la kawaida la siku 5 kwa siku 12. Hata kwa kiwango cha chini hiyo ni asilimia 7.2. Umoja wa Ulaya umetusamehe 12, sisi wenyewe tumejitoza zaidi ya nusu yake kwenye sakafu iliyolowa.

Kuna sababu nyingine inayofanya hili limuume msafirishaji kuliko anayeuza ndani. Nyumbani washindani wako wote wamekatiwa umeme ule ule na wamekaa foleni ile ile, hivyo gharama inaingia kwenye bei na maisha yanaendelea. Nje unashindana na kiwanda ambacho hakijawahi kukaa foleni hiyo, na bei kimeshaipanga chenyewe.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote ni jambo ambalo sikulipangia sehemu yake humu kwa sababu halikuleta hadithi: uasili wa bidhaa. Chini ya mfumo wa REX, ulioanza mwaka 2017, msafirishaji aliyesajiliwa huandika mwenyewe kwenye ankara kwamba bidhaa ni ya nchi yake, na hubeba dhamana akidanganya. Hakuna muhuri wa kufuata ofisini. Tulijisajili mara moja, na kwa makontena yote sita hatukupoteza hata saa moja kwa jambo lililobeba asilimia 12 nzima ya mkataba.

Siku tisa za akiba zilifaa, ila zisisifiwe kupita kiasi. Kiwanda chetu kilikuwa na soko la ndani la kukibeba na benki inayokijua. Kiwanda kidogo zaidi kingeshindwa kulaza mzigo siku tisa, na kingetoka sokoni baada ya kontena la pili. Ukaguzi wa uwanjani ulifaa zaidi, kwa sababu uliondoa chanzo badala ya kukilipia.

Nililoshindwa mimi ni masharti ya mkataba. Tulisaini FOB kwa mazoea. Kwa FOB hatari ni ya muuzaji mpaka mzigo uwe juu ya meli, maana yake msongamano wote wa bandari ni wako. Kwa mizigo ya kontena FCA inafaa zaidi: unakabidhi kwa msafirishaji wa mnunuzi langoni pako. Peke yake isingetuokoa kwenye shehena ya kwanza, kwani hata kwa FCA kibali cha forodha cha kutoa mzigo nchini ni jukumu la muuzaji. Ikiunganishwa na ukaguzi wa uwanjani, mambo yanabadilika, kwa sababu lakiri ikishapigwa na lori la mnunuzi likishapakia, foleni ya bandarini si yetu tena. Mkataba mpya tuliuandika hivyo.

Wiki moja kabla ya kontena la saba kutoka, wakala wa mnunuzi alipiga simu. Alitaka kujua kwa kawaida huchukua siku ngapi kutoka langoni hadi melini. Mama Mhasibu alifungua daftari, akamsomea namba zote sita.